Tabo Mpya au Gari Jipya?

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002. Mapenzi hayo yalianza mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Impreza, nami nikiwa mwanafunzi. Sasa linavuja oili, na fundi ananishawishi: "Mwalimu, tutie tabo kubwa, tubadilishe programu ya injini, litaruka." Mwenzangu idarani anataka nikope chama cha akiba ninunue la karibuni zaidi, lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na bei ya hayo yanayoruhusiwa haishikiki.

Nilikaribia kutia sahihi fomu ya mkopo. Asubuhi ile ile nilikuwa nimefundisha jinsi serikali zinavyokopa kwa ajili ya fahari huku matengenezo yakisahauliwa. (Wanafunzi wanaolijua gari langu walitabasamu.) Mkanda wa taiming wa injini hii ukikatika, valvu hugongana na pistoni, hata tabo iwe kubwa kiasi gani. Wangu sikumbuki ulibadilishwa lini.

Nimemwagiza fundi abadilishe mkanda, pampu ya maji na breki. Tabo ibaki ile ile. Amenuna kidogo, lakini Jumamosi tunaanza.