Safari ya Bagamoyo, na Mambo Tuliyoyaona Shuleni

Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za safari yetu ya Bagamoyo, mji mkongwe wa pwani, ulio mwendo wa karibu kilometa 70 kutoka Dar es Salaam kwa upande wa kaskazini. Wengi huenda huko kutazama magofu na kununua samaki. Sisi tulikwenda kwa jambo moja tu: kuketi darasani pamoja na watoto wadogo, tupate kuona jinsi mtoto anavyojifunza kusoma.

Tuliposhuka garini tulishika njia ya misheni, tukapita chini ya miembe mikubwa ya zamani ambayo kivuli chake hukutana juu ya vichwa vya wapitao. Mahali hapa pana historia ndefu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walikuja kutoka Unguja mwaka 1868, wakajenga makao kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Siku zile soko la watumwa la Unguja lilikuwa lingali wazi, wala halikufungwa hata ulipofika mwaka 1873. Watoto wale walitoka bara, katika makabila mbalimbali, na wengi wao hawakusikilizana lugha. Hapo walifundishwa dini, kusoma na kuandika, kilimo na kazi za mikono. Mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga pwani hii na kuharibu majengo ya misheni, lakini wenyewe hawakukata tamaa, wakajenga tena.

Katika misheni hizi za pwani aliishi pia Padre Charles Sacleux, mtu aliyeipenda lugha yetu kuliko wengi walioizaliwa. Alikaa miaka mingi akikusanya maneno, na Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitolewa Unguja mwaka 1891. Ile kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikapigwa chapa Paris mwaka 1939. Tunamtaja kwa sababu. Kamusi haitungwi kwa kusikiliza kelele za umati. Hutungwa kwa kusikiliza kinywa kimoja, neno moja, kisha kuuliza, kisha kusikiliza tena. Mkikumbuke kidogo kisa hiki, maana tutakirudia.

Si shule zote zilizoanzishwa na misheni katika nchi yetu zilizobaki mikononi mwa Kanisa. Mwaka 1969 Bunge lilitunga Sheria ya Elimu, na shule nyingi za mashirika ya dini zikawa za serikali. Shule nyingi za msingi za Kikatoliki tuzionazo leo zilifunguliwa baada ya hapo. Moja ya hizo ndiyo iliyotukaribisha. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mambo tutakayoyasimulia yaweza kuonekana katika shule yo yote.

Tulifika yapata saa moja asubuhi. Watoto walikuwa wakifagia uwanja kwa fagio za njukuti, wengine wakimwagilia maua kwa makopo yaliyotobolewa matundu. Mara kipande cha reli kilichotundikwa mwembeni kikagongwa, na wote wakakimbilia mstarini, wadogo mbele na wakubwa nyuma. Wakaimba wimbo wa Taifa, wakasali. Watoto wa Kiislamu nao wamo, maana Bagamoyo ni mji wenye Waislamu wengi. Wakati wa sala walisimama kimya kwa adabu, na hapana aliyewabughudhi. Kisha mwalimu wa zamu akapita akikagua kucha na kola za mashati, na madarasa yakaanza.

Tuliingia Darasa la Kwanza. Watoto zaidi ya 40 wakasimama kwa pamoja. “Shikamooni, wageni wetu!” Tukaitika, “Marahaba, watoto wetu,” tukapewa benchi kando ya dirisha. Vitabu vilikuwa vichache, kimoja kwa watoto watatu. Yule aliyeketi upande wa pili wa meza alikitazama kitabu kichwa chini miguu juu, na huenda mtoto wa namna hiyo akazoea kuzitambua herufi zilizopinduliwa kabla ya zile zilizosimama.

Kilikuwa kipindi cha Kiswahili. Mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliandika ubaoni sentensi mbili: Baba anavua samaki. Mama anapika wali. Akashika fimbo yake ya kuonyeshea, na darasa zima likasoma kwa sauti moja, tamu kama kwaya ya Pasaka. Wakasoma mara ya pili, na ya tatu. Mgeni angaliyepita nje angalisema, “Tazama, watoto wa mwaka wa kwanza, nao wanasoma!”

Ndipo mwalimu akafuta sentensi zile, akaandika nyingine: Mama anapika samaki. Akamwita mvulana mmoja wa benchi la nyuma.

“Naam, mwalimu,” akaitika, akaja mbele kwa ushujaa. Akapewa fimbo, akaigusisha kwenye neno la kwanza, akasoma kwa sauti kuu: “Baba anavua samaki.”

Darasa likacheka. Mwalimu akawatazama tu, kicheko kikakoma. Yule mtoto akashusha macho, na fimbo ikatetemeka mkononi mwake. Hakuwa mvivu wala mpumbavu. Wiki zote zile alikuwa amesoma pamoja na wenzake kwa bidii, na kinywa chake hakikukosa neno hata moja. Lakini alisoma kwa masikio, siyo kwa macho. Alikuwa ameyashika maneno kama mtu ashikavyo wimbo, na herufi za ubaoni kwake zilikuwa michoro tu.

Mwalimu hakumkemea. Alimwuliza, “Baba yako hufanya kazi gani?”

“Mvuvi, mwalimu.”

“Huenda baharini kwa chombo gani?”

“Kwa ngalawa.”

Basi akaandika ubaoni neno hilo, ngalawa, akalikata vipande vitatu: nga, la, wa. Akampigisha makofi matatu, kofi moja kwa kila kipande. Kile cha kwanza kilikuwa kigumu, wakakiacha kwa siku nyingine. Wakakamata la na wa. Kisha akaandika lala, akamwambia, “Nitafutie la wako.” Mtoto akatazama, akaonyesha kwa kidole, kisha akashtuka akaonyesha tena: wamo wawili! Akaandika kula, akamkuta huko pia. Mwisho akaandika wali, akamkumbusha ile li waliyojifunza juzi. Midomo ya mtoto ikacheza kimya, kisha ikatoka sauti ndogo: “Wa... li. Wali!” Hapo hapakuwa na kwaya ya kumfuata. Alikuwa amesoma mwenyewe.

Saa nne kilipogongwa cha mapumziko, watoto walipanga foleni ya uji, kila mmoja na kikombe chake. Tukaketi na mwalimu kivulini, tukamwuliza habari za jambo lile. Akatujibu hivi: “Wageni wangu, kuitikia pamoja si kubaya. Mtoto mwenye haya hupata kufungua kinywa akiwa kati ya wenzake. Lakini sauti ya wengi humficha mmoja. Kwa hiyo kila siku ya shule, wengine wanaponakili madaftarini, mimi huita watoto watano mezani pangu, mmoja mmoja, anisomee peke yake. Kwa siku tisa huwa nimewasikia wote, kisha naanza tena.” Akatuonyesha daftari lake. Hakuandika alama humo. Aliandika pale kila mtoto alipokwama: huyu hutatanishwa na b na d, yule huruka silabi ya mwisho, mwingine hubuni neno badala ya kulisoma.

Hapo tulimkumbuka yule mkusanya maneno wa zamani. Mwalimu huyu naye anatunga kamusi yake, ukurasa mmoja kwa kila mtoto.

Baada ya mapumziko kilifuata kipindi cha Kiingereza, na hatari tuliyoiona asubuhi ikaonekana kubwa zaidi. Watoto walisoma kwa pamoja, bila kukosea, sentensi iliyosema ya kwamba kuku yuko chini ya meza. Walipoulizwa yuko wapi huyo kuku, wakanyamaza wote. Mwalimu akatwaa kifutio, akakiita kuku, akakiweka juu ya meza, kisha chini ya meza, kisha nyuma ya mlango. Kwa kila mahali akatamka sentensi yake, nao wakamfuata. Kuku yule alipowekwa kichwani pa mwalimu, walicheka hata machozi, na msichana mmoja akasimama bila kuitwa akalitaja mahali pale kwa Kiingereza sahihi. Tangu hapo maneno yale yalikuwa na maana.

Wazazi wapendwa, sasa twageukia kwenu. Wengi wenu mwajinyima ili kulipa ada, na mtoto arudipo jioni akaimba ukurasa mzima mbele ya jirani, mioyo yenu hufurahi. Ni haki yenu kufurahi. Lakini sauti nzuri si kusoma, na mtoto aweza kupanda darasa moja hata la tatu akijificha nyuma ya sauti za wenzake. Siku atakapopewa mtihani, ambapo kila mtu huketi peke yake na karatasi yake, ndipo siri itakapofichuka, na yeye ndiye atakayeaibika kwa kosa lisilo lake.

Jaribuni basi jambo hili nyumbani. Mwambieni mtoto asome, kisha mzibe neno la kwanza kwa kidole na mwambieni aanzie katikati. Mwambieni awaonyeshe neno moja tu, mahali lilipo. Mpeni kitu ambacho hakuwahi kukiona: maandishi ya mfuko wa unga, au jina lililochorwa ubavuni mwa chombo ufukoni. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kufanya hivi. Akimwuliza mtoto, “Hapa pameandikwa nini? Na hapa je?” atatambua upesi kama macho ya mtoto yanafuata herufi au yanatazama dari. Wala msicheke akikwama. Kicheko cha nyumbani huumiza kuliko cha darasani, na mtoto aliyechekwa hujifunza kujificha vizuri zaidi.

Nanyi walimu, twajua mzigo wenu: watoto wengi, vitabu haba, madaftari ya kusahihisha hata usiku. Hatuwaombi mfanye miujiza. Twawaombeni tu watoto watano kwa siku, au watatu ikiwa darasa ni kubwa mno. Wahenga walinena, haba na haba hujaza kibaba. Mchungaji mwema wa Injili alijua hesabu ya kundi lake, ndiyo sababu alitambua ya kuwa mmoja hayupo. Mwalimu asikiaye kwaya tu hawezi kujua nani hayupo, maana kwaya haipungui sauti kwa kukosekana mtoto mmoja.

Tuliondoka Bagamoyo alasiri, upepo wa kusi ukivuma na ngalawa zikirudi pwani. Usione vyaelea, vimeundwa, na kila ubao wa chombo ulipimwa peke yake kabla ya kupigwa msumari. Mungu awabariki wote wanaoketi leo karibu na mtoto mmoja, wakimngojea kwa subira alitamke neno lake la kwanza.