UNATAKA KUHAMA? PIMA KWA MIGUU YA MTOTO



Katika nyanda za juu za Kigoma watu wengi wanafikiri habari ya kuhama. Shamba la babu liligawanywa kwa wana watano. Kila mmoja alipata kipande chake. Sasa wana hao nao wana watoto. Kipande hakitoshi. Udongo umechoka. Jirani anakuja jioni na kusema, "Upande wa Kakonko bado kuna ardhi. Twende huko."

Maneno hayo ni matamu. Lakini kabla ya kufunga mizigo, ngoja kidogo. Huhami peke yako. Unahama na watoto. Mtu mzima anaweza kulala kibandani mwezi mzima na kula muhogo mchana na usiku. Mtoto mdogo hawezi. Akikosa maji safi ataharisha. Akikosa shule mwaka mmoja, huenda asirudi tena darasani.

Leo tusafiri pamoja kutoka Kasulu, kupitia Kibondo, mpaka Kakonko. Tutatazama nchi. Kisha tutaona jinsi ya kuchagua mahali pa kulea watoto.

NCHI TUNAYOPITA

Barabara kubwa inatoka Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika. Inapanda milima mpaka Kasulu. Kutoka Kasulu inakwenda Kibondo, halafu Kakonko. Mbele ya Kakonko inaingia mkoa wa Kagera na kufika Nyakanazi. Upande wa magharibi ni nchi ya Burundi. Wenyeji wa sehemu hizi ni Waha. Asubuhi watakusalimu kwa Kiha, "Mwakeye!" Mfundishe mtoto salamu hiyo mapema. Atapata marafiki upesi.

Kasulu ni nchi ya vilima na baridi. Migomba, maharage na kahawa hustawi. Nyumba ziko karibu karibu. Kuna shule nyingi, na pale Kabanga kuna hospitali ya misheni ya siku nyingi. Shida yake ni moja: watu ni wengi na mashamba ni madogo.

Kibondo nako kuna hospitali, na vijiji vingi viko kando ya barabara. Kutoka hapo tunaelekea kaskazini na kufika Kakonko. Zamani Kakonko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kibondo. Mwaka 2012 ilifanywa kuwa wilaya peke yake. Jimbo lake la uchaguzi liliitwa Buyungu, jina la zamani la nchi hiyo. Watu hulima mihogo, mahindi, maharage na ndizi. Upande wa Burundi kuna Muhange, mpakani kabisa. Upande wa mashariki nchi inashuka, nyumba zinapungua, na pori linaanza. Huko mbele ni Pori la Akiba la Moyowosi, penye wanyama wakali na mbung'o.

Basi umeona. Mahali penye watu wengi pana shule na dawa, lakini ardhi ni haba. Mahali penye ardhi kubwa, mara nyingi shule na dawa ziko mbali. Hapo ndipo penye kazi ya kuchagua.

WALIOHAMA ZAMANI

Watu wa nchi hii wanajua sana habari za kuhama. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulienea. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa watu wa Kibondo na Kasulu katika mapori yenye mbung'o. Waliwekwa pamoja katika makazi mapya. Wanaume wengi nao walikwenda mbali, mpaka Tanga, kukata mkonge. Waliitwa manamba.

Mwaka 1972 ikaanza Operesheni Kigoma. Watu walihamishwa kutoka nyumba zilizotawanyika na kuingia katika vijiji. Faida ilikuwapo. Ni rahisi kujenga shule na zahanati mahali ambapo watu wanakaa pamoja. Lakini hasara pia ilikuwapo. Wako walioacha migomba yao nyuma. Wako ambao mashamba yao yalibaki mbali na nyumba.

Tena Kigoma imepokea wakimbizi wengi. Warundi walikimbia vita mwaka 1993, na wengine walikuja mwaka 2015. Katika Kakonko kambi ya Mtendeli ilifunguliwa mwaka 2016 na kufungwa mwaka 2021.

Watu hao wote hawakuwa na nafasi ya kuchagua vizuri. Wengine walisukumwa na ugonjwa, wengine na amri, wengine na vita. Wewe leo una nafasi. Itumie. Usihame kama mtu anayekimbizwa.

KIPIMO CHA KWANZA: SHULE

Watu wengi wakitafuta mahali huuliza, "Ni ekari ngapi?" Hilo ni swali zuri, lakini lisiwe la kwanza. Swali la kwanza liwe hili: "Mtoto wangu atatembea mwendo gani?"

Tufanye hesabu. Tuseme shule iko kilomita 6 kutoka shambani. Mtoto anakwenda kilomita 6 na kurudi kilomita 6. Kwa siku ni kilomita 12. Kwa siku 5 za shule ni kilomita 60. Kwa wiki 4 ni kilomita 240. Huo ni mwendo mrefu kuliko kutoka Kasulu mpaka Kigoma mjini na kurudi. Je, mtoto wa miaka 7 ataweza? Na akiweza, atafika darasani na nguvu ya kusoma?

Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kutoka elimu ya msingi mpaka kidato cha nne. Hiyo ni faida kubwa kwa mzazi. Lakini shule isiyotoza ada haimsaidii mtoto asiyeweza kuifikia.

Nenda shuleni wewe mwenyewe. Nenda kwa miguu, tena kwa mwendo wa mtoto. Tazama njia. Je, kuna mto? Je, kuna daraja? Muulize mwalimu mkuu: "Darasa la kwanza lina watoto wangapi? Walimu ni wangapi? Kuna darasa la awali? Vyoo vya wasichana vipo?" Hakuna aibu kuuliza.

KIPIMO CHA PILI: MAJI

Tufanye hesabu nyingine. Sera ya maji ya nchi yetu ya mwaka 2002 ilisema kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku. Jamaa ya watu 6 inahitaji lita 150. Ndoo moja kubwa ina lita 20. Basi ni karibu ndoo 8 kila siku.

Kama chemchemi iko kilomita 1 kutoka nyumbani, safari moja ya kwenda na kurudi ni kilomita 2. Ndoo 8 ni kilomita 16. Nani atabeba? Katika nyumba nyingi ni mama na binti. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Binti wa miaka 10 akibeba ndoo hiyo kila asubuhi, atachelewa shule. Baadaye ataacha. Hapo utakuwa umepata ekari nyingi na kupoteza masomo ya mtoto.

Sera hiyo hiyo ilitaka kituo cha maji kisiwe zaidi ya mita 400 kutoka kwa watu. Sehemu nyingi hazijafikia hapo. Lakini wewe kitumie kama kipimo chako. Hesabu hatua.

Kisha usiwaulize wanaume barazani tu. Nenda kisimani uwaulize kina mama. "Maji haya hukauka mwezi gani? Foleni huwa ndefu? Watoto huugua matumbo?" Wao ndio wanaojua.

KIPIMO CHA TATU: DAWA

Mtoto mwenye homa kali hawezi kungoja mpaka kesho. Malaria ni nyingi katika mkoa wa Kigoma, hasa mabondeni. Uliza zahanati iko wapi na kama mganga anakaa hapo hapo usiku. Uliza pia njia ya kwenda kituo cha afya au hospitali. Je, gari hupita wakati wa masika? Kama mama ni mjamzito, jambo hili ni la kwanza kabisa.

Usichague bondeni penye matope kwa sababu ya udongo mweusi tu. Jenga mahali palipoinuka. Lima bondeni kama inaruhusiwa, lakini kumbuka sheria inakataza kujenga au kulima ndani ya mita 60 kutoka mto au chemchemi. Na kila mtoto alale ndani ya chandarua.

TAZAMA MARA MBILI

Katika nyanda hizi mvua huanza kiasi cha mwezi wa Oktoba na kwisha mwezi wa Mei. Kutoka Juni mpaka Septemba ni kiangazi.

Mtu akienda Februari ataona nchi yote ni kijani. Vijito vinatiririka. Atasema, "Hapa ni peponi." Akirudi Agosti atakuta kijito kimekuwa mchanga. Mwingine akienda Agosti atapita njia nzuri kavu. Akirudi Machi atakuta mto umefunga njia na watoto hawaendi shule.

Kwa hiyo nenda mara mbili. Nenda masika ukaone njia. Nenda kiangazi ukaone maji. Nauli ya safari mbili ni ndogo kuliko hasara ya kuhama mara mbili.

ARDHI YA BURE INA MWENYEWE

Hapa ndugu msomaji, soma polepole.

Ukiona ardhi kubwa haina nyumba wala shamba, usiseme haina mwenyewe. Huenda ni msitu wa hifadhi au pori la akiba. Huenda ni malisho ya kijiji. Mtu akikuambia, "Nipe fedha kidogo, nitakuonyesha mahali," jihadhari. Anayelima ndani ya hifadhi huondolewa. Siku hiyo mahindi yatabaki shambani na watoto watalala njiani. Hakuna atakayekurudishia fedha zako.

Fuata sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumpa mtu ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Mkutano huo ni wa watu wazima wote wa kijiji. Basi nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa mtendaji. Peleka ombi lako kwa maandishi. Hudhuria mkutano. Hakikisha jambo lako limeandikwa katika muhtasari. Ukipewa ardhi, omba hatimiliki ya kimila. Mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili. Ni vizuri kufanya hivyo. Baba akifariki, mama na watoto hawatafukuzwa.

Wewe sasa unajua kusoma. Usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi ambayo hujaisoma.

SAFARI YENYEWE

Wazee walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Maana yake, usitupe mkeka wako wa zamani kwa sababu ya mkeka mzuri unaopita tu. Usiuze shamba la zamani kabla jipya halijakupa chakula.

Mmoja atangulie. Aende mwezi wa Julai au Agosti, ajenge nyumba na choo wakati wa kiangazi. Mvua zikianza apande maharage na mahindi. Maharage huwa tayari kwa miezi mitatu hivi. Apande na mihogo, lakini mihogo huchukua mwaka mmoja au zaidi. Amwombe bwana shamba mbegu safi, kwa maana ugonjwa wa batobato huharibu mihogo mingi.

Watoto waje Desemba, shule zikifungwa. Januari waanze mwaka mpya wa masomo pamoja na wenzao. Waje na chakula cha miezi mitatu. Kila mtoto awe na barua ya uhamisho kutoka shule yake ya zamani na cheti cha kuzaliwa kama anacho. Wadogo wawe na kadi za kliniki. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Kuhama kusimkoseshe chanjo hiyo.

Baada ya kufika, watembelee majirani. Shiriki kazi za kijiji na misiba. Mtoto wa mgeni hulindwa na macho ya majirani.

KAENI MZUNGUMZE

Kasulu ni nchi nzuri. Kibondo ni nzuri. Kakonko ni nzuri. Lakini ndani ya wilaya moja kuna kijiji kinachofaa na kijiji kisichofaa, na ndani ya kijiji kimoja kuna kitongoji kilicho karibu na shule na kitongoji kilicho porini. Afadhali ekari 3 karibu na shule na kisima kuliko ekari 15 mahali ambapo mtoto hawezi kufika popote.

Leo usiku, baada ya chakula, kaeni pamoja baba, mama na watoto wakubwa. Jibuni maswali haya:

1. Kwa nini tunataka kuhama?
2. Huko tunakotaka kwenda, shule iko kilomita ngapi?
3. Maji yako hatua ngapi, na kiangazi yapo?
4. Mtoto akiugua usiku tutampeleka wapi?
5. Je, mkutano wa kijiji umekubali tupewe ardhi?

Mkiweza kujibu yote matano vizuri, fungeni mizigo, nasi tunawatakia safari njema. Mkishindwa hata moja, ngojeni. Nendeni mkatazame tena.