Mwenye Wimbo Atajwe

Huko kwetu Mbalibali, katika Mkoa wa Mara, litungu halikuwa chombo cha kujifurahisha tu. Mpigaji aliketi juu ya kigoda, akazichezea zile nyuzi nane, na kabla usiku haujaisha watu walikwisha kujua nani amesifiwa kwa ushujaa na nani amesutwa kwa uchoyo. Sauti ile nzito niliizoea kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo, nilipokuja kuitenda isivyostahili, sikuwa na udhuru wa kusema kwamba sikuijua thamani yake.

Mwaka 1998, nikiwa karani kijana serikalini, nilitakiwa nitunge wimbo wa kwaya wa kuhimiza upandaji wa miti. Maneno yalinijia upesi, maana nilikuwa na mazoea ya kutunga mashairi, mahadhi hayakuja. Ndipo nikayachukua mahadhi ya wimbo mmoja wa mzee wa kwetu, mpiga litungu, nikayavika maneno yangu. Kwaya ilisifiwa, wimbo ukarekodiwa, ukasikika redioni, na jina langu likatajwa kuwa ndilo la mtunzi. Nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kosa langu.

Nilipokwenda nyumbani kwa likizo, yule mzee aliniita. Hakunikemea. Alilichukua litungu lake, akaupiga wimbo ule mpaka mwisho, kisha akasema: "Mahadhi haya nilifundishwa na mjomba wangu. Yeye aliyapata kwa rafiki yake wa ng'ambo ya mto Mara. Mimi niliongeza kile kipande cha mwisho. Na wewe, mwanangu, umeongeza nini?"

Nikajibu, "Maneno, mzee."

"Basi sema kwamba umeongeza maneno."

Ndugu msomaji, sijapata kusoma sheria iliyoeleza jambo hili vizuri zaidi. Mzee hakunikataza kuazima. Yeye mwenyewe aliazima. Alilotaka ni kwamba kila mmoja ahesabiwe kwa kile alichokitia.

Wala jambo hili si geni katika fasihi yetu. Washairi wa pwani wanayo takhmisi, ambayo mshairi huchukua mishororo ya mwenzake akaiongezea yake hata ubeti ukatimia mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyetunga Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa shairi la Liyongo, na mpaka leo kazi hiyo huitwa Takhmisi ya Liyongo. Jina la mwenye mishororo ya kwanza halikufutwa, wala sifa ya aliyeongeza haikupungua.

Siku hizi vijana hunyofoa kipande cha sauti iliyorekodiwa zamani, wakakirudiarudia kwa mitambo, na juu yake wakajenga wimbo mpya. Baadhi ya wenzangu wa rika langu huuita uvivu huo. Mimi siwezi kukubaliana nao, maadam uchaguzi wa kipande na namna ya kukijenga upya navyo vyahitaji sikio na akili. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, pamoja na Rayvanny, alitoa wimbo "Salome", uliojengwa juu ya "Maria Salome" wa Saida Karoli, mwimbaji wa Kagera aliyevuma tangu mwaka 2001. Asili yake haikufichwa, na vijana waliokuwa wachanga wakati Saida alipovuma walipata kulijua jina lake. Huko ndiko kuazima kwa heshima.

Pasipo heshima hiyo, hasara ni kubwa. Wimbo "Malaika" umezunguka dunia nzima katika sauti ya Miriam Makeba na ya wengine. Lakini hata leo watu hubishana kama mtunzi ni Fadhili William, Mkenya aliyeurekodi, au Adam Salim, Mtanzania. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akalipwa shilingi chache. Walioupokea Marekani waliudhania wimbo wa jadi usio na mwenyewe. Ukaleta mali nyingi, ukaingia hata katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Linda alikuwa amekwisha kufa maskini mwaka 1962. Binti zake walifikia mapatano ya malipo mwaka 2006.

Hapo ndipo neno "jadi" linapotakiwa kutazamwa kwa uangalifu. Mara nyingi tunaposema wimbo ni wa jadi, maana yake ni kwamba hatukujisumbua kuuliza. Yule mzee aliweza kuhesabu mikono mitatu iliyoupitia wimbo wake. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na sheria hiyo inazilinda hata sanaa za jadi. Lakini sheria haiwezi kuulinda wimbo ambao watu wenyewe wamekwisha kumsahau mwenyewe.

Nawaomba walimu wenzangu katika kazi ya utamaduni wawatume wanafunzi kwa wazee, na kila wimbo watakaouleta uandikwe pamoja na majibu ya maswali haya: nani alikufundisha, naye alifundishwa na nani, na wewe umeongeza nini?

Yule mzee amekwisha kufariki. Jina lake sikulitaja hapa, kwa kuwa haki yake si kutajwa ndani ya toba yangu, bali juu ya wimbo wake. Huko nimekwisha kuliandika, katika kila nakala niliyoweza kuipata, nami chini yake nimejiandika hivi: aliyeongeza maneno.