Gisenyi Katika Sinema za Zamani

Barabara itokayo Kigali kwenda Gisenyi ina urefu wa kiasi cha kilomita 155, na sehemu kubwa yake ni kupanda na kushuka. Baada ya Musanze msafiri huiacha milima ya Virunga upande wake wa kulia, mmoja baada ya mwingine, kisha mteremko mrefu humfikisha ufukoni mwa Ziwa Kivu. Tangu mwaka 2006 wilaya inaitwa Rubavu, lakini jina la Gisenyi halikuondoka midomoni mwa watu. Kwa magharibi mji umepakana na Goma, na katika mitaa fulani nyumba za Rwanda na nyumba za Kongo hutazamana. Kinyarwanda ndiyo lugha ya nyumbani. Lakini penye biashara ya mpakani, pale Barriere Ndogo ambapo akina mama hupita na mabeseni ya mboga na samaki, Kiswahili ndicho kihesabuo fedha.

Wageni huja kwa ajili ya ufuko, maji ya moto ya Nyamyumba na sambaza wa kukaanga. Hayo yamekwisha kuelezwa mara nyingi. Iko Gisenyi nyingine isiyoonekana na mgeni alalaye hotelini usiku mmoja, nayo ni ile ya jioni, mlango ukiwa umefungwa, watoto wamekwisha kuoga, na jamaa wote wameketi mbele ya televisheni kutazama filamu.

Filamu hiyo mara nyingi ni ya nje, na mara nyingi imefasiriwa. Wanyarwanda huiita agasobanuye, kutokana na neno gusobanura, yaani kueleza. Mtu mmoja hukaa na kipaza sauti akaisema filamu nzima peke yake: mume, mke, jambazi na polisi, na katikati ya maneno yao akaongeza yake. Ufundi huu ulikwisha kushamiri Uganda, ambako VJ Jingo alipata sifa kubwa. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Kenya inaye DJ Afro. Kwa Rwanda jina lililovuma ni la Nkusi Thomas, aliyejulikana kwa jina la Yanga, ambaye alifariki dunia mwaka 2022. Wako waliosoma sana wanaoudharau ufundi huo kwa kuwa mfasiri huongeza chumvi. Chumvi anaongeza, ni kweli. Lakini bibi asiyejua Kiingereza wala Kifaransa asingepata kamwe kujua kwa nini yule mwanamke wa kwenye picha analia, kama asingeambiwa.

Jambo la pili lililobadilisha utazamaji ni chombo chenyewe. Katika jumba la sinema picha ikipita imepita. Kanda ya VHS, iliyotolewa Japani mwaka 1976, ilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kusimamisha picha, kuirudisha nyuma na kuuliza. Kanda hizo sasa zimekwisha kazi. Kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki zake, iliacha mwaka 2016. Zikafuata diski za VCD na DVD, na leo filamu huhamishwa kwa flashi isiyozidi ukubwa wa kidole. Uwezo ule wa kusimamisha picha umebaki, na ndio unaohusika hapa. Kwani miongoni mwa sinema za kale za Wazungu zimo zilizopigwa katika nchi hizi hizi za maziwa, na mtu wa Gisenyi azitazamapo nyumbani huona mambo ambayo hazikukusudiwa kuonyesha.

Ya kwanza ni King Solomon's Mines ya mwaka 1950. Wasomaji wa umri mkubwa wanakijua kisa chenyewe kwa jina la Mashimo ya Mfalme Suleimani, kitabu cha Rider Haggard kilichotafsiriwa na Frederick Johnson na kusomwa mashuleni kwa miaka mingi. Kitabuni safari ni ya kusini mwa Afrika. Watengenezaji wa filamu waliihamishia Afrika Mashariki, wakapiga picha Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Ruanda-Urundi, na ule ufalme wa kubuniwa wakaupa watu halisi: warefu wa Rwanda, pamoja na wachezaji wa ngoma ya intore. Mpiga picha Robert Surtees alitunukiwa Oscar kwa kazi hiyo. Stewart Granger na Deborah Kerr walipata sifa duniani kote. Mchezaji wa Rwanda aliyeigiza Umbopa, mfalme aliyejificha, aliandikwa kwa jina moja tu, Siriaque.

Ukiichukua kama hadithi, filamu hiyo imechakaa. Vituko vyake vya simba na nyoka havimtishi mtoto wa leo. Lakini simamisha picha pale wanapoingia wachezaji. Wale ni watu wa kweli, wanacheza kama walivyofundishwa, miaka tisa kabla ya machafuko ya 1959 yaliyowatawanya Wanyarwanda wengi nje ya nchi yao. Picha zinazotembea za kizazi kile si nyingi. Mzee akiketi mbele ya picha hiyo hamtazami Granger hata kidogo. Hutazama miguu ya wachezaji na jinsi walivyovaa.

The African Queen ya mwaka 1951 ni sinema iliyo bora zaidi, na kwa askari ina mengi. Iliongozwa na John Huston, ikachezwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na picha zake zikapigwa Kongo na Uganda. Kisa kinaanza mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwendesha mashua mlevi na dada wa misheni wanateremka mto wakikusudia kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani ziwani. Kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kuipata. DVD yake iliyosafishwa vizuri ilitoka Marekani mwaka 2010 tu.

Meli ya hadithi hiyo ina ndugu wa kweli, na habari za ndugu huyo zinarudi Gisenyi. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka Rwanda, akaonana na Mwami Rwabugiri, akapanda mlima Nyiragongo na kufika Ziwa Kivu. Baadaye akawa gavana wa koloni hilo, ndiye aliyekuwa madarakani vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Jina lake likapewa meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma na kuteremshwa majini mwaka 1915. Katika sinema meli inazamishwa na mashua ya mlevi. Katika historia haikuwa hivyo: Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, mitambo ikiwa imepakwa mafuta mazito isile kutu. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba, ambalo wasafiri wa Kigoma wanalijua vyema.

Wakati huo Gisenyi yenyewe, ambayo Wajerumani waliiandika Kisenyi, ilikuwa uwanja wa vita. Kapteni Max Wintgens na askari wake walishikilia mpaka huu dhidi ya Wabelgiji waliokuwa upande wa Goma tangu mwaka 1914, na hawakuuacha mpaka Mei 1916. Waliobeba risasi na chakula milimani walikuwa wapagazi kwa maelfu. Sasa itazame filamu tena. Mwanzoni Waafrika wanaonekana wakiimba kanisani. Kijiji kinachomwa, wanaume wanachukuliwa. Na kuanzia hapo, isipokuwa askari wachache wanaofyatua bunduki kutoka ngomeni, mto wote ni wa Wazungu wawili. Wale wanaume waliochukuliwa walipelekwa wapi, sinema haiulizi. Mtoto anayetazama huuliza, na mfasiri mzuri angeweza kumjibu hapo hapo bila kungoja mwalimu wa historia.

Mlima alioupanda Götzen unayo sinema yake. Haroun Tazieff, mtaalamu wa milima ya moto, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuteremka ndani ya Nyiragongo, mwaka 1948, na huko chini alikuta ziwa la moto unaochemka. Mwaka 1966 ikatoka filamu yake ya kweli, isiyo na wachezaji, iitwayo Le Volcan interdit. Wanaume wanateremka kwa kamba kwenye kuta za mlima, mitungi na vyombo vinawafuata, na chini yao moto unapasuka na kujifunga tena. Watazamaji wa Paris waliona ujasiri wa Tazieff. Gisenyi iko kilomita 20 hivi kutoka kwenye kilele kile, na usiku usio na mawingu wekundu wake umepata kuonekana kutoka mjini. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa hilo la moto lilipasua ubavu wa mlima likamwagika kwa muda usiofikia saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 uji wa moto ulipita katikati ya Goma hadi majini, na watu wasiohesabika wakakimbilia Gisenyi na magodoro vichwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulisimama ukingoni mwa Goma, lakini matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua nyumba za Rubavu, na familia nyingi zikalala nje.

Kwa hiyo filamu ambayo kwa wengine ni ya ushujaa wa kigeni, huku ni somo la lazima. Mtoto aliyezaliwa baada ya 2002 ameambiwa mlima ule unaua, naye anauona kila asubuhi umetulia kama mlima mwingine wowote. Akishaona ndani yake hahitaji kukaripiwa ili ajue kwa nini wazazi wanaweka vyeti na nguo kwenye mfuko mmoja karibu na mlango.

Inayojulikana zaidi kuliko zote ni Gorillas in the Mist, iliyotoka mwaka 1988, Michael Apted akiwa mwongozaji na Sigourney Weaver akimwigiza Dian Fossey, aliyefungua kituo cha Karisoke mwaka 1967 na kuuawa huko huko Desemba 1985. Sehemu kubwa ilipigwa Rwanda, na masokwe wengi mle ni masokwe kweli. Mzazi mwenye watoto wadogo aitazame kwanza mwenyewe, maana yako mauaji ya wanyama yanayotisha.

Katika filamu hiyo kuna mfuatiliaji wa nyayo aitwaye Sembagare, rafiki na msaidizi wa Fossey, aliyechezwa na Mkenya John Omirah Miluwi. Kuna pia mwanamke wa Kimarekani mwenye shamba la maua, aitwaye Roz Carr. Huyo wa pili alikuwapo kweli. Rosamond Carr alihamia shamba la Mugongo, juu ya Gisenyi, mwaka 1955, akalima pareto na kisha maua ya kuuza mahotelini. Na Sembagare naye alikuwapo kweli, ila hakuwa mfuatiliaji wa masokwe: alikuwa msimamizi wa shamba la Mugongo kwa miaka mingi. Sinema ilichukua jina lake ikalitia mahali pengine, kama mtu anayehamisha kiti.

Jambo lenyewe laonekana dogo mpaka mtu ajue yaliyofuata. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, Carr aliondolewa nchini. Sembagare wa kweli alinusurika. Mama huyo, mwenye umri wa miaka 82, alirudi mwaka huo huo akakuta shamba limeporwa. Desemba 1994 nyumba ya kukaushia pareto iligeuzwa makao ya watoto yatima, yakaitwa Imbabazi, na Sembagare alikuwa pamoja naye katika kazi hiyo. Hali ya usalama ilipoharibika mwaka 1997 watoto walihamishiwa Gisenyi mjini, wakakaa huko mpaka mwishoni mwa 2005. Carr alifariki Septemba 2006 na kuzikwa Mugongo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomo katika filamu ya 1988, wala lisingeweza kuwamo. Lakini mtu wa Rubavu akilisikia jina la Sembagare kwenye televisheni, anayo sababu ya kusimamisha picha na kuwaeleza watoto Sembagare alikuwa nani.

Baada ya filamu hizi za wageni inafaa kuitaja moja ya mwenyeji. Joel Karekezi, mzaliwa wa Rubavu, alitengeneza La Miséricorde de la jungle, iliyotoka mwaka 2018. Mwaka 2019 ilipata tuzo kubwa ya tamasha la FESPACO huko Ouagadougou, Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, na Marc Zinga akatajwa mchezaji bora wa kiume. Kisa ni cha mwaka 1998. Sajini Xavier na askari kijana Faustin, wote wa jeshi la Rwanda, wanaachwa nyuma na kikosi chao katika misitu ya Kongo. Hawana redio, hawana maji, na kila watakayemkuta anaweza kuwa adui. Picha zilipigwa Uganda.

Mapigano mle ni machache. Kinachochukua muda ni njaa, homa, na mazungumzo ya watu wawili wanaotofautiana umri na vyeo, mmoja akiwa amechoka na vita na mwingine bado akiitamani. Humo hakuna mgeni wa kuwatazama kwa niaba ya watazamaji wa mbali. Katika nyumba ambamo baba alitumikia jeshi miaka ile, watoto humgeukia yeye badala ya mfasiri, wakamwuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Wako akina baba wanaojibu. Wako pia wanaotoka nje kidogo, wakasimama wakitazama taa za wavuvi ziwani, na kurudi filamu ikiwa imekwisha kusonga mbele.