Nyasi Kwanza, Maji Baadaye

Kwa miaka mingi tangi langu la samaki, hapa Mbeya, lilikuwa la kokoto za rangi na maua ya plastiki. Siku chache tu baada ya kulisafisha, maji yalichafuka tena. Leo chini kote ni nyasi.

Nilipomweleza shangazi yangu, mkulima wa mpunga Mbarali, kwamba nataka kupanda nyasi ndani ya maji, alitikisa kichwa. "Mwanangu, mche usio na mizizi hauzamishwi. Lowesha udongo, uache ushike kwanza. Maji yatakuja baadaye."

Nikafuata kama alivyosema. Nilitandaza udongo, juu yake mchanga laini uliooshwa, nikanyunyizia hadi ukalowa bila kutuamisha maji. Nyasi zenyewe ni za jamii ya Eleocharis, ndogo na nyembamba. Nilizigawa vishungi vya majani matatu manne, nikavichomeka kwa kibanio, vidole viwili kati ya kimoja na kingine. Kibanio ukikivuta wima, mche unang'oka nacho. Ukikilegeza na kukitoa kwa mshazari, mchanga unaufunika wenyewe. Kisha nikafunika tangi kwa nailoni, na kila asubuhi nikaifunua kidogo hewa ipite, ukungu usiote. Taa iliwaka saa nane kwa siku.

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huchelewesha kila kinachoota. Lakini nyasi zilitambaa kama ukoka, kila pingili ikishusha mizizi na kutoa majani mapya. Mchanga uliposhikana, nilimimina maji polepole juu ya sahani. Majani yaliyoota hewani yalioza kiasi, yakachipua mengine ya majini. Taa ikiwaka, kwenye ncha za majani hutokea vipovu vya oksijeni, hupanda kimoja kimoja. Amonia itokayo kwa samaki sasa ni chakula cha nyasi, na maji hukaa safi.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona Ihefu, kinamasi cha bonde la Usangu, kwa jicho jingine. Nikisafiri kwenda Iringa, nikipita Chimala na Igawa, zamani niliitazama Usangu kama ardhi inayosubiri jembe tu. Ihefu hupokea mito ya upande wetu, na pia Ndembera utokao Iringa. Matete na majani yake hupunguza kasi ya maji, hutuliza tope, kisha maji hutoka taratibu kuingia Ruaha Mkuu, mto unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 1993 mto huo ulikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na maji yanayochepushwa kwenda mashambani ni sababu kubwa. Mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa katika hifadhi hiyo.

Wali wa Mbarali naupenda, na shangazi amesomesha watoto kwa mpunga. Nilimuuliza wanafanyaje kiangazi. "Mavuno yakiisha, banio la mfereji tunalifunga," akanijibu. "Maji yasiyo na kazi shambani yana kazi mtoni."

Ndugu zangu walipotaka tuchange fedha tukodi mashamba ya kiangazi huko bondeni, nilikataa. Fungu langu nimeliweka kwenye mpunga wa masika, katika mfereji wa shangazi.