Aliyegeuza Ndege Njiani



Wengi wenu mkiulizwa mngependa kuwa nani, hujibu: rubani. Nasi tulipokuwa na umri wenu tulijibu vivyo hivyo. Hatukuwa marubani, tulisomea ualimu, na chaki ndiyo iliyotulisha. Lakini kwa muda wa miaka miwili tuliketi karibu na mtu aliyekuwa na ndege yake mwenyewe, na tendo lake moja lilitutia uchungu kwa miaka mingi kabla ya kutufunza kitu.

Ilikuwa Lubumbashi, yapata miaka thelathini iliyopita. Mbelgiji mmoja, mfanyabiashara, alitaka kujua Kiswahili, nasi tulikuwa tumetoka tu chuo cha ualimu. Tulimfundisha jioni mbili kwa juma. Jumamosi alituchukua hadi Luano tumsaidie kuiosha ndege yake, Cessna 172, yenye viti vinne, injini moja, na mabawa yaliyowekwa juu ya chumba cha abiria. Ndege za aina hiyo zilianza kuundwa katikati ya miaka ya 1950, na zimekwisha kuundwa zaidi ya 40,000; wanafunzi wengi wa urubani duniani wameanza nazo.

Tulidhani kujifunza urubani ni kujifunza kupaa. Tulikosea. Kabla ya kupaa, mtu huyo aliizunguka ndege kwa miguu, karatasi mkononi, akisoma mstari kwa mstari mambo ambayo aliyajua kwa moyo. Aliteremsha petroli kidogo kutoka chini ya bawa, akaipokea katika kikombe kinachopenya mwanga, akakiinua kuelekea jua. Petroli ile ni ya buluu. Maji, kwa kuwa ni mazito zaidi, hutuama chini yake. Akiona tone moja la maji, alimwaga na kuteremsha tena hadi lisionekane. Injini ilipowaka, alizima mtambo mmoja wa cheche ili asikie kama ule wa pili unaweza kuibeba injini peke yake, kisha akabadilisha. Hata mfuko wetu wa vitabu aliupima kwenye mizani. Luano iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua likiwaka hewa huwa nyepesi: injini hupungukiwa nguvu, mabawa hayashiki vema, na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka.

Tukajifunza pia kwamba mwenye ndege huilipia hata inapolala. Banda lina gharama, vipuri hutoka ng'ambo, na kila mwaka fundi huifungua na kuikagua. Na leseni ya rubani binafsi, ambayo katika nchi nyingi hudai angalau saa 40 hewani, haimruhusu mtu kubeba abiria kwa malipo. Isitoshe, asiyefunzwa kuruka kwa vipimo pekee haruhusiwi kuingia mawinguni. Rafiki yetu hakuwa na mafunzo hayo.

Siku moja tulimwuliza sababu ya katazo hilo. Hakujibu. Alituketisha kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, akatuamuru tufumbe macho, akakizungusha polepole bila kubadilisha mwendo. Baada ya muda mfupi tuliapa kwamba kiti kimesimama. Kiliposimama kweli, tuliapa kwamba kinazunguka upande wa pili. Tulipofumbua macho tulicheka sana. "Mwalimu," akatuambia, "huko mawinguni ndivyo mwili unavyokudanganya, na huko hakuna wa kucheka."

Mwezi wa pili, wakati wa mvua nyingi, ulitujia ujumbe kwamba mama yetu mzazi yu mahututi huko Pweto, kando ya Ziwa Mweru. Kwa barabara ya wakati ule, kamioni ingekwama siku nyingi katika tope. Kwa ndege ile ni safari isiyofika saa mbili na nusu. Tulimwendea rafiki yetu usiku. Hakutaka hata malipo ya petroli. Alfajiri alifanya ukaguzi wake wote, mstari kwa mstari, nasi tukiwa tumesimama tunauma midomo. Tukapaa.

Tulipolikaribia tambarare la juu la Kundelungu, mawingu yalikuwa yameshuka hadi kuligusa. Alijaribu kushoto, akajaribu kulia. Kisha akainamisha bawa taratibu, na jua lililokuwa mbele yetu likahamia mgongoni. Tulimwambia, "Bwana, ni mama yangu." Akajibu, "Najua." Hakuongeza neno hadi tulipotua Luano.

Yeye mwenyewe alitupeleka penye kamioni. Hatukumwaga. Tulifika Pweto siku ya sita, tukakuta kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado umelowa. Jamaa walisema mama alitutaja siku ya tatu. Tuliporudi mjini tuliacha kumfundisha. Tulimwambia kila aliyetusikiliza kwamba yule ni mwoga, mtu mwenye mali na asiye na moyo. Yeye hakujitetea. Alipoihama nchi alituachia sanduku la vitabu vya Kifaransa, pasipo barua.

Katika kimojawapo tulisoma juu ya jaribio lililotolewa na Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1954. Marubani 20 wasiofunzwa kuruka kwa vipimo walizibwa wasione nje, kana kwamba wameingia wingu. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178. Hata dakika tatu hazikutimia. Na dawa waliyofundishwa baadaye ilikuwa rahisi kuitamka: geuza nusu duara, polepole, urudi ulikotoka.

Tulikiweka kitabu chini. Tulikikumbuka kile kiti, na kicheko chetu. Somo tulikuwa tumelipata kabla ya safari, tena kwa miili yetu wenyewe. Lakini siku uchungu ulipotushika, tulitaka lisiwe kweli. Hatujui kama mawingu yale yangefunguka mbele. Yeye pia hakujua, na ndiyo sababu aligeuka. Angeweza kutufurahisha kwa dakika tatu. Alichagua kuchukiwa nasi tukiwa hai.

Hatusemi kwamba majuto ya kutomwona mama yamekwisha. Hayajaisha. Lakini kando yake yamekaa majuto mengine: kwamba tulilichafua jina la mtu aliyetuhifadhi, wala hatukumwomba radhi. Kila tunapomwombea mama, tunamtaja na yeye.

Katika vikundi vyenu juma hili, zungumzeni kwa unyofu juu ya maswali mawili. Ni safari gani uliyokwisha kuianza, pikipiki ya mwendo kasi, mkopo, uchumba, kazi ya machimbo, ambayo unaona wingu mbele yake na bado unasema "labda litafunguka"? Na ni nani aliyewahi kukukatalia jambo, ukamwita mwoga, ambaye bado yu hai na anaweza kuisikia sauti yako? Kama yupo, msimngojee aihame nchi.