Mnunuzi wa Simu, Ahadi ni Deni!

Msomaji mpenzi, hapo nyumbani kwako bila shaka kuna kitu usichokitumia. Huenda ni baiskeli ya mtoto aliyekwisha kukua, cherehani ya nyanya, au meza iliyosukumwa kona tangu mhamie hapo. Siku shida ikibisha hodi, rafiki atakushauri: "Piga picha, weka mtandaoni, utauza kabla jua halijatua." Ushauri huo si mbaya. Asilokuambia ni kwamba kuuza kwa simu ni kazi ya kutwa, na ujira wake aghalabu ni maneno matupu.

Biashara yenyewe si ngeni duniani. Mwaka wa 1995 huko Marekani, Pierre Omidyar alianzisha mnada wa intaneti uliokuja kuitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kitochi cha leza, tena kibovu! Mtu alikinunua kwa dola 14.83. Hapa kwetu Kenya tulizoea zaidi matangazo ya kawaida: unaweka picha, bei na nambari ya simu, kisha mnaelewana wenyewe. Wengi wanaikumbuka OLX, ambayo biashara yake nchini ilinunuliwa na Jiji mwaka wa 2019. Malipo nayo yalirahisishwa na M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007.

Huku pwani ya kusini biashara hii ina msimu wake. Mvua za masika zikianza, watalii hupungua Diani. Hoteli nyingine hufunga milango kwa muda na wafanyakazi hurudishwa nyumbani. Hapo ndipo simu hujaa picha za televisheni, majiko ya gesi, magodoro na pikipiki. Mwaka wa 2020, corona ilipofunga hoteli, hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwa hivyo, msomaji, usidhani kila anayeuza anapunguza vyombo tu. Wengi wanauza kwa sababu kuna mtoto, kuna mgonjwa, au kuna mwenye nyumba mlangoni.

Mimi nilikuwa miongoni mwao. Naishi Msambweni, na masika moja mwenzangu alikuwa amepumzishwa kazi hotelini. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu na karo iliyobaki ilikuwa Sh14,000. Tulikuwa na friza iliyotupatia riziki ya barafu na sharubati. Tukaamua iende. Nikaitangaza kwa Sh22,000 katika mtandao mmoja ambao sitautaja jina.

Kufikia jioni simu ilikuwa haipumui. Nikafurahi. Kumbe furaha ya bure!

Kundi la kwanza ni la "Bado ipo?" Unamjibu upesi, "Ipo, karibu sana." Kimya. Hasemi anakuja, hasemi haji, hata asante hakuna. Katika siku mbili niliwajibu watu kama hao zaidi ya thelathini, na bando ni langu.

Kundi la pili ni la "Bei ya mwisho?" Hajaiona friza, hajauliza ukubwa wake, wala kama inagandisha. Nilipomwambia mmoja Sh20,000, alijibu, "Nina elfu nane, bosi." Ungedhani anapatana bei ya samaki aliyelala! Biashara haigombi, ni kweli, lakini mtu wa aina hii huwa amenusa shida yako. Anajua Jumatatu inakaribia.

Kundi la tatu ndilo lililonitoa jasho, nalo ni la "Niko njiani." Bwana mmoja wa Mombasa alisema angekuja Jumamosi na pikapu. Kwa heshima ya neno lake nikawaambia wengine wawili kuwa friza imepata mwenyewe. Siku hiyo tuliizima tangu alfajiri, tukatoa barafu yote, tukaisugua hadi ikang'aa. Saa nne akaandika kuwa yuko Likoni kwenye foleni ya feri. Saa sita akasema amefika Ukunda. Kutoka Ukunda hadi Msambweni si safari ya kulala njiani, lakini tulingoja hadi magharibi. Simu yake ikawa haipatikani tena. Barafu ya siku hiyo hatukuuza, na mnunuzi hatukumwona.

Kundi la nne ni matapeli. Mmoja wao alituma tuktuk kuchukua friza, huku ameniletea ujumbe kuwa amelipa. Ujumbe ulifanana kabisa na wa M-Pesa, ila ulitoka kwa nambari ya mtu. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA. Hata hivyo, usitegemee macho pekee: angalia salio lako kwanza, kisha ndipo uachilie mzigo. Yule wa tuktuk, maskini, aliondoka mikono mitupu na nauli yake haikulipwa.

Zamani mtu akitaka kuuza kitu cha nyumbani alimwendea dalali. Dalali alikula chake, ndiyo, lakini alimjua muuzaji na alimjua mnunuzi. Katika mnada wa mifugo anayepandisha bei huonekana na wote, na akikimbia jina lake hubaki pale zizini. Mtandao umemwondoa dalali na kumwondoa shahidi pamoja naye. Hata huko eBay, tangu mwaka wa 2008 muuzaji hawezi kumwandikia mnunuzi sifa mbaya, ilhali mnunuzi anaweza kumwandikia muuzaji.

Friza yetu ilinunuliwa Jumapili jioni na mama anayekaanga samaki pale stendi. Tangazo hakuliona, alisikia kwa jirani. Alikuja na mkokoteni, akapapasa mpira wa mlango, akataka iwashwe, akaketi nusu saa akingoja ipate baridi.

"Mwanangu, nina elfu kumi na saba," akasema. "Kumi na tano hizi hapa. Mbili Ijumaa."

"Haya, mama. Ichukue."

Jumatatu mtoto alikwenda shule. Ijumaa, kabla ya adhana ya magharibi, Sh2,000 zilifika. Benchi lake nalijua naye mlango wangu anaujua; deni lisingepata pa kujificha.

Basi, msomaji, ukiwa na cha kuuza, waambie majirani kabla ya kuiambia dunia. Ukitangaza, andika vipimo na kasoro zote, na useme wazi kuwa anayefika kwanza na pesa ndiye mwenye mali. Kutaneni mchana, mahali penye watu.

Na ukiwa mnunuzi, nakuomba jambo moja tu. Ukisema unakuja, njoo. Ukighairi, sema umeghairi. Ujumbe huo haufiki bei ya mandazi. Upande wa pili wa simu pana mtu aliyezima friza yake kwa ajili yako. Ahadi ni deni, hata iliyoandikwa kwa kidole gumba.